Tatizo la Jamii Yangu

Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limekupa nafuu, na ile baridi ya huko uliyoilalamikia mara ya mwisho imepungua au umeizoea. Sisi huku tu wazima. Watoto wanakua kwa fujo, viatu havimalizi muhula. Mume wangu kifua kilimsumbua wiki mbili, sasa ameanza tena kukoroma, kwa hiyo najua amepona kweli.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Shangazi, simu yetu mimi na wewe tunaijua. Nusu ya muda tunaulizana "unanisikia?" na nusu nyingine tunaambiana "haya basi, nitakupigia." Nililonalo leo halitaki kukatikakatika. Vaa miwani, kaa vizuri, na kama kuna mtu hapo sebuleni mwambie akupishe kidogo.

Kwanza, nimefaulu. Lile somo la chuo la matatizo ya jamii, ambalo nilikuambia linanitoa jasho kuliko pasi zenyewe, nimelimaliza na nimefaulu vizuri. Matokeo yaliingia kwenye simu nikiwa kazini, chumba cha pasi, mvuke umejaa hata dirisha halionekani. Nikapiga kigelegele peke yangu. Msimamizi akaja mbio akidhani nimeungua. Nilipomweleza, akanishika mkono, akanipongeza kwa moyo mmoja, kisha akanikumbusha kwamba mashuka ya hoteli yanaondoka saa nane.

Asante, Shangazi. Naliandika neno hili mapema nisije nikalisahau katika mengine. Mwaka juzi nilipokuambia kwamba umri wangu wa kusoma umepita, uliniuliza umepita ukielekea wapi. Kisha ukampa rafiki yako muuguzi ile kompyuta aniletee, ameifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Bado inafanya kazi, ila herufi A haikubali mpaka uigonge kwa nguvu, na sijui mtu ataandikaje Kiswahili bila A. Binti yangu huwa ananiuliza, "Mama, unaandika au unatwanga?"

Namshukuru na mume wangu pia. Siku za darasa anapika yeye. Chumvi anayotia ingetosha nyumba tatu, lakini tunakula na tunamsifu, maana tukimkosoa atajiuzulu.

Darasa lenyewe ungelipenda. Tuko thelathini na wanane, kila mtu yuko kwake, sura zetu zimepangwa kwenye kioo cha kompyuta kama picha za vitambulisho. Siku ya kwanza niliingia nimechelewa, mwalimu anazungumza, nami nikaona aibu kuingia kimya kama mwizi. Nikaandika "Hodi" pale pembeni. Mwalimu akakatiza somo, akasoma, akasema, "Karibu, mama." Tangu siku hiyo watu wote wanapiga hodi, hata yule mlinzi wa benki ambaye hajawahi kuonyesha sura yake. Mimi wananiita Mama Pasi kwa sababu huwa naingia darasani nikiwa kazini, na kelele ya mvuke inasikika nyuma yangu.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mwezi wa tatu mwalimu alitupa zoezi. Ni mama mpole wa sauti, lakini kalamu yake haina huruma. Alisema kila mtu achague tatizo moja la jamii, alieleze kwa maneno mia tano, aliweke kwenye ukurasa wa darasa ambapo wote wanasoma. Mimi nikafurahi kwamba safari hii zoezi ni jepesi. Shangazi, wewe unanijua, na unajua tunavyosema nyumbani. Tangu nizaliwe, jamii ni sisi kwa sisi. Mtu akiaga kwamba anakwenda kuiona jamii yake, si anakwenda kuwaona ndugu zake? Basi nikakaa nikatafuta tatizo la jamii yangu.

Nilitaka kuandika juu ya Baba Mdogo na ulimi wake, nikaona maneno mia tano hayatatosha. Nikaandika juu yako.

Ngoja, usiiweke barua chini. Niliandika kwamba nina shangazi, sikutaja jina, ambaye ndiye aliyenifundisha kusoma. Niliandika jinsi ulivyokuwa ukinikalisha jikoni ukiwa unaosha vyombo, mimi nasoma kwa sauti lile gazeti lililofungiwa sabuni, na nikiruka neno ulikuwa unalitaja bila kugeuka, hata kama gazeti hukuliona. Niliandika kwamba hesabu zangu za darasa la saba ulizisahihisha wewe, ambaye uliishia la sita. Kisha nikaandika lile ambalo limesemwa kwetu tangu nianze kusikia: kwamba Bibi alipougua baada ya kujifungua Baba Mdogo, Shangazi aliacha shule kwa sababu hakuipenda, akabaki nyumbani kulea, na baba yangu akaendelea na masomo. Nikamalizia kwamba hilo ndilo tatizo la jamii yangu, kwamba mwenye akili kuliko wote ndiye aliyeacha shule, na hakuna anayelizungumzia.

Nikaliweka kwenye ukurasa, nikalala vizuri kabisa.

Asubuhi binti yangu akalisoma. Alisimama pale mlangoni na mswaki mdomoni, macho yamemtoka. "Mama, jamii hapa siyo sisi. Ni watu wote. Wenzako wameandika juu ya ukosefu wa kazi na uchafuzi wa maji. Wewe umemwandika shangazi yako!"

Shangazi, nilitamani sakafu ipasuke. Nimechukua jambo la ndani, jambo ambalo hata sisi wenyewe hatulitamki, nimelianika mbele ya watu ambao wengine sijui hata kidevu chao kikoje. Nilikaa na ile aibu siku nzima kazini. Mchana nikafungua simu ili nilifute, nikakuta mwalimu amekwisha kulisoma. Hakunikosoa neno jamii. Alikuwa amepigia mstari neno jingine kabisa, "aliacha", na chini yake ameniuliza swali moja: "Aliacha, au aliachishwa?"

Nililitazama lile swali mpaka nikanusa harufu. Nilikuwa nimeiacha pasi juu ya foronya. Ina alama ya kahawia mpaka leo, tunawekea vifungo vilivyong'oka.

Yaani silabi moja tu, Shangazi. Aliacha, aliachishwa. Ukisema aliacha, umemwona msichana mmoja anayeweka daftari chini kwa hiari yake na kwenda zake. Ukisema aliachishwa, lazima uulize ni nani. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, sijawahi kuuliza ni nani. Nilijibu kwa uaminifu kwamba sijui.

Halafu wenzangu wakaanza kuandika. Wa kwanza alikuwa mkunga mmoja, akasema kwao ni dada yake mkubwa. Yule mlinzi wa benki akasema kwao ni mama yake mzazi, naye siku zote anasema "niliacha tu." Fundi bomba, mwanamume wa makamo anayependa kutuchekesha, siku hiyo hakuchekesha. Aliandika, "Mimi ndiye niliyesoma. Dada zangu wawili waliacha. Leo ndiyo naliona hili neno." Mwalimu akatuomba kila mtu aseme kwao ikoje. Kati ya thelathini na wanane, ishirini na mmoja walikuwa na mtu kama wewe, na wote ishirini na mmoja walikulia kwenye neno lilelile, aliacha. Hatujuani, hatujazaliwa pamoja, na tumefundishwa uongo mmoja kwa maneno yaleyale.

Jioni hiyo mwalimu alitueleza kwamba jambo likiwa la nyumba moja, watu hulaumu nyumba hiyo, au humlaumu msichana. Likiwa la nyumba ishirini na moja, msichana hana kosa tena, itabidi tuangalie namna tulivyoishi wote. Akasema, "Mama Pasi amekosea njia, lakini amefika kabla yetu." Wenzangu wakapiga makofi kwenye vile visanduku vyao. Mimi nililia, na kwa bahati nzuri kamera yangu ilikuwa imejaa mvuke.

Ndiyo maana nasema nimefaulu kwa ajili yako. Kazi ya mwisho niliijenga juu ya swali hilo. Nimeshukuru vitabu na walimu mule ndani kama inavyotakiwa, lakini nilijua ni nani nimshukuru.

Lakini sikukuomba ruhusa, na hilo limenisumbua miezi mitatu. Wewe kuniambia soma hakukunipa haki ya kukusoma wewe mbele za watu. Nakuomba radhi, Shangazi. Na kuna zaidi. Mwalimu anataka wanafunzi wapya watakaoanza mwezi wa tisa wasomewe maandishi yale. Nimemjibu kwamba mwenye habari hii siyo mimi, asubiri nikuulize. Ukisema hapana, nitayafuta kwa kidole changu mwenyewe na hatutalizungumza tena. Na kama kweli uliacha mwenyewe kwa sababu hukuipenda shule, niambie pia. Nitawaomba radhi watu thelathini na wanane na uso wangu huuhuu. Sitaki kukutoa kwenye uongo mmoja nikakuingiza kwenye mwingine.

Niliyemwogopa kuliko wote ni baba yangu. Kaka yako unamjua, hapendi mambo yake yaguswe. Lakini niliona haiwezekani thelathini na wanane wajue na yeye asijue, kwa hiyo mwezi uliopita nilimsomea, neno kwa neno, hapa mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda kukaza bomba la jikoni ambalo halikuwa likivuja, akachukua kofia yake akaondoka. Wiki tatu hakukanyaga hapa. Watoto wakiuliza babu yuko wapi, nawaambia ana kazi, na mtu amestaafu miaka tisa. Nilidhani nimempoteza baba kwa ajili ya maksi.

Basi, karatasi inakaribia kuisha. Mume wangu anakusalimu, anasema ile dawa ya kifua uliyomwelekeza imemsaidia, ingawa mimi nilimwona akiimwaga kwenye sinki. Watoto wanakusalimu. Binti anaomba picha yako ya zamani, ya enzi hizo hasa, kama ipo. Muuguzi rafiki yako tunaonana sokoni na hakosi kukuulizia. Baba Mdogo anakusalimu kwa maneno mengi, nimeyapunguza.

Na baba yangu anakusalimu. Amekuja leo asubuhi bila taarifa, nikiwa katikati ya barua hii. Aliuliza namwandikia nani, nikamwambia ni wewe. Akasema, "Msalimie." Nikamuuliza kama ni salamu tu. Akaizungusha kofia yake mikononi, nami sikumharakisha. Kisha akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Kwamba Jumatatu ya kwanza uliyobaki nyumbani, Bibi aliketi kitandani akamvalisha sweta la shule, na lilikuwa lako. Mikono ilikuwa mirefu, ukaikunja wewe mwenyewe, mara mbili kila upande, ukiwa umepiga magoti mbele yake. Hukumwangalia usoni. Alipofika shuleni mwalimu wa darasa lako alimsimamisha akamuuliza, "Dada yako yuko wapi?" naye akajibu, "Ameacha." Anasema hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Alilitafuta neno mwenyewe, njiani, ili asiulizwe zaidi, na jioni akalirudia nyumbani, na nyumba nzima ikalipokea. Alikuwa na miaka kumi.

Nikamuuliza niandike nini basi. Akasema, "Mwambie nilijua hakuacha."

Yupo hapa mezani bado, Shangazi. Hataki kuondoka mpaka nibandike bahasha.

Mungu akuweke, akupe afya na usingizi mzuri, na akurudishie kila ulichokitoa bila kuulizwa.

Ni mimi, mwanao uliyenizaa kwa kunifundisha kusoma, nikupendaye na nikushukuruye,

Mama Pasi