Dada Tumpe, Mimi Nilipewa Sapu

Mpendwa dada Tumpe,

Matokeo ya sapu, ule mtihani wa marudio, yalitoka jana, nimefaulu. Nilishika simu nikupigie, nikafika mpaka kwenye jina lako, ndipo nikakumbuka.

Bado nakuona pale Makandana, mguu kwenye cherehani, mvua ikipiga bati, mimi kwenye kibenchi na mitihani ya kidato cha sita ya miaka ya nyuma. Uliniuliza maswali ya Kemia bila kutazama karatasi. Nikikosea ulirudia swali lile lile, hadi nijirekebishe mwenyewe.

Siku moja nilikuuliza kwa nini hukwenda chuo. Ukaendelea kushona upindo wa sketi, kisha ukaniambia kuwa wiki ya mtihani wako uliugua malaria. Siku ya Kemia uliandika nusu ukurasa, ukalaza kichwa mezani. Nchi nzima ilifanya karatasi ile asubuhi ile ile, hakuna aliyekusubiri. Ungeweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila kila mwaka ulisema mwakani, mimi mdogo wako nimalize kwanza.

"Mimi sikuwa na akili ya chuo, mdogo wangu," ulisema. "Soma wewe."

Sikukubishia. Hilo ndilo linaloniuma.

Tulikuzika nyumbani Masoko, na wiki mbili baadaye nikaingia kwenye mtihani wa kufunga muhula chuoni. Swali la kwanza nililisoma mara nne. Nikafeli. Nikaanza kufungasha, nikidhani yamekwisha kama yalivyokwisha kwako. Mwalimu wangu akaniita, akauliza kulikoni, nikamweleza. Akasema majaribio yangu ya muhula yalikuwa mazuri, nayo yanahesabiwa, na somo lile nitalirudia kabla ya mwaka mpya wa masomo.

"Nenda nyumbani ukapumzike," alisema. "Utarudi kulifanya."

Nilitoka nje nikalia, dada. Nilikulilia wewe. Akili ulikuwa nayo; ulichokosa ni mtu wa kukuuliza kulikoni.

Jumamosi nakuja. Mama anasema upepo umeangusha mgomba karibu na kaburi lako. Nitauondoa, nipalilie, kisha nikae hapo nikusimulie mtihani wangu wote, swali kwa swali, bila haraka.

Nimekukumbuka mno. Pumzika, dada.

Mdogo wako,
Lugano