Mnyororo Mmoja, Kampuni Mbili

Baba Zuhura, mume wangu,

Wazungu wako wameondoka. Matrekta mekundu na yale ya manjano yamepakiwa treni moja kwenda Mtwara, na karanga walizokuja kulima hazikutosha hata kuwalisha wao. Nilikwenda stesheni nikawaangalie kwa macho yangu. Bwana mkubwa wa kampuni yako na bwana mkubwa wa kampuni ya kina Issa wamekaa behewa moja, wanacheka, wanawashiana sigara. Wallahi, nilitamani kuokota jiwe.

Unakumbuka walivyotugawa? Kampuni yako haikujua kusimama. Kila Jumamosi dereva aliyefyeka pori kubwa kuliko wenzake alifungiwa kitambaa chekundu kwenye trekta, akatamba nacho wiki nzima. Chako ulitaka nikifue na nikipige pasi, hee, kama kanzu ya Idi! Kwa kaka yangu Issa mambo yalikuwa kinyume. Kichuguu kikionekana tu, msimamizi anapuliza filimbi, mashine zote zinasimama, watu wanashuka kukikagua, ndipo wanaendelea. Anayepitiliza filimbi anafukuzwa siku hiyohiyo.

Jioni mlikula sinia moja, ugali wa muhogo na kisamvu, na ubishi ulikuwa uleule.

"Shemeji, nyie mnafyeka pori au mnacheza ngoma?" unamchokoza.

"Na nyie mna haraka ya kwenda wapi?"

Mnacheka mpaka Zuhura anaamka. Mimi nikaona ni utani wa mashemeji, basi.

Kisha wakubwa wakaagizwa wamalize pamoja pori la upande wa Ruangwa. Mnyororo mmoja mnene, trekta moja kila ncha, na katikati miti inang'oka. Ncha moja wakakuweka wewe, ncha ya pili Issa. Ulirudi nyumbani umenuna. Uliniambia hamjaelezwa mfuate utaratibu wa nani, maana kila bwana mkubwa anaona aibu kufuata wa mwenzake. Nikakwambia kaulize. "Nikaulize, nionekane mwoga?" ukasema, ukalala.

Kesho yake mnyororo ukakwama kwenye kichuguu. Filimbi ikalia. Issa akasimama, kama alivyofundishwa. Wewe ukakanyaga mafuta, kama ulivyofundishwa. Trekta lako likainuka mbele, likakupindukia.

Wakubwa wote wawili walikuja msibani. Jeneza liko uani, wao wanabishana kupitia mkalimani. Huyu anasema kosa ni la aliyesimama, yule anasema ni la asiyesimama. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole, mume wangu. Uliwapa roho yako, wakaifanya hoja ya kushindana.

Tangu siku ile Issa hakuingia tena ndani. Anakuja, anaacha mihogo mlangoni, anaondoka. Nami sikumwita. Nikimtazama naona mguu wake ukikanyaga breki, nachukia, halafu najichukia kwa kumchukia, maana ni ndugu yangu wa tumbo moja na hakufanya ila alichoambiwa.

Ila leo, niliporudi kutoka stesheni, hasira ilinipitisha kwa Issa moja kwa moja. Wale waliotugombanisha wanakwenda zao wakicheka, sisi huku hatupeani hata maji! Nikamwambia, "Leo unakula kwangu."

Akaja. Akanawa, akakaa upande wake uleule wa sinia. Hakugusa chakula.

"Dada, ningevuta na mimi, angekuwa hai."

"Sijui, Issa. Kula."

Akamega tonge, akala huku machozi yanamtoka. Upande wako ugali ulibaki umesimama. Zuhura akasogea, akakaa pale ulipokuwa unakaa wewe, akamega. Nilinyoosha mkono nimwondoe. Mkono ukarudi wenyewe.

Nimekwisha kukwambia. Nafasi yako imeshakaliwa, nami nimemwachia. Lala, Baba Zuhura. Hakuna filimbi tena huko.

Ni mimi, mkeo,
Mama Zuhura