Krimu Uliyonipa ya Goti

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na shemeji pia, na kwamba mgongo wako umeacha visa vyake. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu na kukukumbusha upunguze chumvi. Mimi nipo na makochi yangu, nang'oa vitambaa na kushona vipya. Hata goti halijambo, na hapo ndipo shughuli inapoanzia, maana goti langu, Kaka, halijawahi kuuma.

Ile krimu ya ganzi niliyokuja kuichukua kwenye duka lako la dawa niliitaka kwa ajili ya mkono. Najua hutaki kusikia habari za mwanao, huyu niliyemzaa mimi, tangu alipoacha chuo cha uuguzi, ulichomtafutia wewe mwenyewe, akaenda kujifunza kuchora tatuu. Lakini nivumilie. Mwenye duka la tatuu, wanayemwita Madamu, alikuwa na kiti kimoja cha fundi mpya, na mtihani wake ni huu: uchore jogoo mzima kwenye ngozi ya mtu, kwa mkao mmoja, yeye akiwa amesimama nyuma yako. Ukiishia njiani, kiti umekikosa. Mtu aliyeahidi kumwazima mwanao mkono akaingia mitini. Nikasema, kwani mimi sina mkono?

Nilijifanya simba, na unanijua. Kutwa natoboa ngozi za makochi kwa sindano ndefu kama kalamu, lakini nikiiona ya hospitali natafuta mlango. Mwanao akaniambia atanipaka krimu palepale dukani, kwa kiasi, na akanikataza nisipake chochote nyumbani. Nikaitikia kwa adabu zote. Asubuhi nikajifungia bafuni na tyubu yako, nikapaka kuanzia begani mpaka kwenye kiganja, nene kama siagi ya mtoto aliyeachiwa kisu, nikazungushia nailoni ya kufunikia chakula na kuvaa shati la mikono mirefu. Nilipokaribia dukani nikaivua na kujifuta. Uliniambia nipake kidogo. Lakini kidogo chako na changu havijawahi kufanana, hata kwenye sukari.

Mwanao naye akaniosha, akapaka ya kwake juu yake, akafunika, tukasubiri. Madamu alisimama amekunja mikono, anatafuna bigijii. Mashine ikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya kopo. Sikusikia hata mchomo. Nikamuuliza mwanao kama ameshaanza, nikamwambia Madamu hizi sindano zake ni za kubembelezea watoto.

Halafu ulimi ukawa na ladha ya sarafu. Midomo ikafa, ikawa kama ya kuazima. Masikio yakalia nyiii, nikadhani ni mashine, kumbe mwanao alikuwa ameizima anafuta wino, na mlio unaendelea.

Akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamjibu nafurahia huduma. Akauliza kama nimepaka kitu nyumbani. Madamu yuko pale, anasikia. Nikasema hapana, na hiyo hapana ikatoka kama ya mlevi. Moyo ulikuwa unakwenda mbio mpaka nauona kwenye shati. Nikajipigia hesabu: kichwa kimeisha, mabawa yameisha, umebaki mkia. Nikaze tu.

Yeye akaiweka mashine chini. Madamu akamwambia, kwa upole wa kutisha, kwamba akiinuka pale ajue kiti ameshakiacha. Akainuka. Akavua glavu, akaniwekea vidole shingoni, na safari hii hakuniita Baba. Alisema, "Mgonjwa, umepaka nini?"

Nikatapika ukweli wote, Kaka, kuanzia bafuni. Akanilaza na kuusugua mkono kwa sabuni, akamwamuru Madamu alete gari, na Madamu akakimbia! Njiani akawapigia hospitali, akawatajia dawa, tyubu nzima, na mapigo ya moyo. Walinibandika waya kifuani mpaka jioni. Daktari akasema tungesubiri mkia, ningeanguka degedege, au moyo ungesimama.

Sasa lililonikalisha kuandika ni hili. Daktari alimuuliza mwanao anafanya kazi wodi gani. Akajibu hafanyi kazi wodi yoyote, ila alisoma uuguzi kidogo, baba yake mkubwa alimpeleka. Alilisema bila kinyongo, akanishika mkono. Wewe husema kile chuo kilipotea bure. Hakikupotea. Kilikuwa shingoni kwangu, kinahesabu mapigo.

Nilimrudia Madamu nikakiri kwamba mwongo ni mimi. Akasema yuko tayari kumsubiri fundi anayejua kuzima mashine, lakini mtihani ni mtihani: jogoo mzima, mkono wa mtu mwingine, Jumamosi ijayo. Wangu umepigwa marufuku pale mlangoni. Mwanao ameuliza rafiki zake wote, na habari zangu zimeshasambaa. Kila mtu ana udhuru.

Hajui kama nakuandikia. Yeye angekuogopa, mimi nimeshazoea kufokewa nawe. Njoo, Kaka. Nifokee kwanza, nitatulia, halafu kunja mkono wa shati. Krimu atakupaka yeye, na wewe kidogo unakijua.

Salamu kwa shemeji na wote wa nyumbani, na mwambie asiogope.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye jogoo asiye na mkia.