Dery, si Bawono

Mwaka umetimia, Baba, tangu mavuno ya mtama yalipokukuta kitandani, ukatuaga kwa sauti yako ya kuamrisha: "Msilielie hapa, nendeni mkale."

Tunakukumbuka ukiipaka nishani yako mafuta ya shea kila Jumapili, kisha ukiirudisha ndani ya kopo la tumbaku. Kule Burma, vitani, uliwavusha mto majeruhi watatu kwa mgongo wako. Ukiulizwa, ulisema tu, "Maji yalikuwa baridi," ukaomba kibuyu cha pombe. Wajukuu uliwapanga mstari kabla ya kula, na mwenye kucha chafu alirudi kunawa.

Bibi, mama yako, alikuita Dery, yaani aliyerudi, kwa kuwa alizika mtoto kabla yako na akaamini ndiye wewe. Ukaenda vitani, ukarudi tena. Lakini karani wa jeshi alipokuuliza jina kwa Kiingereza, ulimjibu kwa Kidagaare chetu, "N ba wono," yaani sielewi. Naye akaandika Bawono. Miaka hamsini uliitikia jina hilo kwenye gwaride la wazee wa vita, na ukitoka tu unatema mate.

Sasa wamekujengea mnara njia panda, wakachonga kwa herufi za dhahabu: SHUJAA BAWONO. Shujaa Haelewi! Wapita njia wanajishika mbavu. Tunaona kinyaa, Baba, na hatufichi. Mwenyekiti wa kamati ya mnara si mgeni, lugha hii ameinyonya kama sisi. Mama alimfuata mara tatu amtake arekebishe jina.

"Shangazi, ndilo jina la kwenye daftari la jeshi," akasema. "Jiwe limeshachongwa, na Waziri anakuja Jumamosi. Kwani marehemu atasoma?"

"Na wewe je, husomi?"

Ijumaa, mchana kweupe, Mama alichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, kama anavyokandika kuta zetu kila kiangazi, akalikandika jina lile mpaka likapotea. Waziri alihutubia mbele ya jiwe lisilo na jina. Alipoondoka tu, mwenyekiti akaja kwetu mbio, mishipa ya shingo imemtutumka.

"Shangazi! Nani kakutuma kupaka mavi mnara wa serikali? Si nakuuliza wewe?"

Mama alimtazama kwa utulivu.

"N ba wono," akamjibu.

Udongo ungali pale, na hautabanduliwa mpaka jina lako lichongwe.

Unakumbukwa na mkeo Ayuo, wanao Ziem, Bayor na Eulalia, na wajukuu wote wenye kucha safi. Kila mavuno tutakuita Dery, nawe utaitika bila kutema mate.