Asali Ndani ya Chupa ya Chenin

Jumanne, 4 novemba 2025

Sijamwambia mtu yeyote: ninapenda divai. Mimi, Sofia, binti wa familia ya msikiti! Kunywa — hapana, hata tone. Ninanusa tu. Mama anauza asali katika chupa za divai, na kazi yangu ni kuziloweka na kubandua étiquettes, zile karatasi za jina. Kabla ya maji, ninaweka pua. Syrah: pilipili. Pinotage ya Stellenbosch: moshi, halafu ndizi iliyoiva kupita kiasi. Tangu Papa, baba yangu, azikwe mwezi wa tano, chakula ni kama karatasi mdomoni. Watu wanalia, mimi ninawatazama. Pua peke yake bado inafanya kazi.

Alhamisi, 6 novemba

Mzee mmoja, Papa Faustin, serveur anayehudumia meza katika restaurant moja ya mtaa wa Golf, ametuletea gunia la chupa tupu. Mama alipoingia ndani nikamwuliza, polepole, ile ndefu ya kijani ilikuwa na nini. Akacheka. «Weye mutoto wa ba-Islamu, unauliza divai sawa patron wa restaurant!» Lakini akanieleza. Chenin. Zabibu ya mto Loire, Ufaransa, ila siku hizi iko nyingi zaidi Afrika Kusini. Hii walichelewa kuichuma makusudi, ikauke kidogo, iwe tamu.

Chini ilibaki kidogo. Nilinusa. Asali, tofaa, majani makavu baada ya mvua ya kwanza. Kitu kikanigusa — hapa, chini ya koo! Halafu kikaondoka.

Sikuimwaga. Nilibandua étiquette, nikaziba chupa, nikaificha nyuma ya zile zilizooshwa. Divai nyeupe, chupa ya kijani. Haionekani.

Ijumaa, 7 novemba

Géo, somo la jiografia. Mwalimu: nani anajua Loire? Mimi ninaujua mto wote — Muscadet karibu na bahari, Chenin katikati, Sauvignon juu kule Sancerre. Nilitazama dawati. Aristote wa dawati la nyuma akajibu ni mchezaji mpira wa zamani wa Marseille. Darasa lilicheka. Na mimi pia, nafikiri.

Jumamosi, 8 novemba

Nimerudi, nimekuta Yaya Rehema anamshikia Mama chupa, Mama anamimina asali. Rehema ni binti wa kaka wa Mama, ninamwita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wangu; ametoka Kilwa, kule ziwani, anamaliza sekondari hapa kwetu, na kuosha chupa nilizoloweka ni kazi yake. Chupa mkononi mwake ilikuwa yangu.

Nilifungua mdomo. Ningesema nini — kwamba niliitunza ya nini? Mama: «Toka pale mulangoni, unaziba mwangaza.» Nikatoka mlangoni. Asali ilishuka polepole. Ndiyo hivyo.

Jumatano, 19 novemba

Mama Hadja, mke wa mzee wa msikiti, ameingia bila hodi, mkononi chupa yetu ya asali imefungwa kitambaa. Ilikuwa akika ya mjukuu wake. Walitaka kumgusisha mtoto asali mdomoni. Kizibo kikaruka! Povu mpaka kwenye kanzu ya sheikh.

Akamkabili Mama: «Fatouma, uliniuzisha nini? Hii haiko asali, hii iko pombe!»

Jirani aliyemfuata akadakia: «Mutoto angelewa mbele ya kupata jina!» Alicheka peke yake.

Mama akaapa kwamba ni asali tupu. Mama Hadja akasema hakuna mtu wa msikiti atakayenunua tena hapa. Mama akageuka: «Nani alisukula chupa?»

Macho yote kwa Rehema. «Tantine, mi nilisukula zote, na maji ya moto. Haki ya Mungu.»

Ninajua kilichotokea. Tone la divai chini, asali inalegea, levure, ile chachu, inaamka. Ninajua vizuri kabisa. Chumba kizima kilinukia Chenin, na ilikuwa harufu nzuri. Nilinusa tu.

Rehema atarudi Kilwa Jumamosi na lori la wauza samaki. Mwaka wa mwisho! Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, basi tena. Mama amesema nyumba lazima ionekane imesafishwa.

Alhamisi, 20 novemba

Sikwenda shule. Rehema anakunja nguo nyuma ya pazia. Halii. Ameniuliza: «Sofi, weye uliona mi nasukula muzuri, si vile?» Nikajibu ndiyo. Ndiyo moja, kavu, ambayo Mama hakuisikia. Ninatafuta aibu ndani yangu kama mtu anayepapasa mfukoni. Siipati. Lakini lori halitangojea mpaka niipate.

Basi: divai niliiacha mimi. Niliona asali ikimiminwa juu yake. Rehema hana kosa.

Nilitaka kuandika mstari huo kwa Kifaransa. Mama hasomi Kifaransa. Nimeuandika kwa Kiswahili.

Miguu kwenye korido. Si Rehema, yeye anaburuta sandali. Ni Mama.

«Sofi? Unaandika nini tangu asubuhi?»

Mkono umekwenda wenyewe kuinua godoro. Nimeurudisha. Anasukuma mlango, unakwama kwa unyevu kama kawaida, anasukuma tena. Daftari liko magotini, wazi, na ninaligeuza herufi zimwelekee yeye.