Kwa Nini Zilan Haji Kwenye Simu

Göteborg, Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Jamu yako ya tini imefika salama.

Mjukuu wako hana mafua, nilikudanganya. Zilan alipogunduliwa ana usonji, muuguzi alituambia, "Mwongelesheni Kiswidi tu, lugha mbili zitamchanganya." Nikatii. Kiswidi changu ni cha kuombea maji, basi miaka mitatu nimekaa na mwanangu karibu kama bubu.

Juzi mwalimu wake mpya akashangaa. "Nani kawaambia hivyo? Kikurdi chenu hakimdhuru hata kidogo!"

Jioni nikamwita kwa Kikurdi, "Njoo, roho yangu." Akaziba masikio, akanijibu kwa Kiswidi, "Mama, ongea vizuri."

Ukipiga simu Ijumaa, mwite hivyo hivyo. Asipokuja, nitasikiliza mimi.

Mwanao,
Berfin