Kidirisha Ulichokiacha Kwenye Bomba la Hewa

Papa,

Wiki iliyopita nilikukosoa mbele ya watu. Nimeona afadhali uisikie kutoka kwangu, maana vile mji wetu unavyopenda maneno, hata huko uliko yatakufikia yameshatiwa chumvi.

Kwanza habari za nyumbani. Mama ni mzima. Tangu tukuzike amehamia kabisa kwenye karakana yetu hapa Mulongwe. Anakaa kwenye kiti chako na kuwagombeza wateja wanaobonyeza mabeseni kwa kidole kupima unene wa bati. Ndoo za kumwagilia bustani bado tunatengeneza, na watu wa Mutarule bado wanazifuata kwetu. Nyundo yako ndogo naitumia mimi.

Halafu kuna hili: hospitali inajenga jengo jipya la wazazi, na aliyeitwa kuchagua klape zake za kuzuia moto ni mimi, Riziki, binti wa fundi bati. Laiti ungeniona! Injinia Neema, mkubwa wa shantye nzima ya ujenzi, alinikunjulia ramani mezani, akauliza, "Weye unaona aje?" Kisha akangoja jibu langu.

Jibu lilikuwa la kwako. Ulinifundisha kwamba bomba la hewa likipita ukutani, ukuta umeshatobolewa, na moto utapita hapohapo. Ndiyo kazi ya klape: kilango cha bati nene ndani ya bomba, kinachokaa wazi siku zote na kujifunga siku ya moto. Nikamwambia ukuta huu umejengwa kuzuia moto masaa mawili, basi klape nayo iwe ya masaa mawili. Isining'inizwe darini. Ikae ndani ya ukuta wenyewe na kuzungushiwa saruji, ili bomba likianguka, yenyewe ibaki. Kwa vyumba vya kulala nilichagua zile za mota zinazofunga moshi ukisikika, maana mtu aliyelala hufikiwa na moshi kabla ya joto. Ila hizo umeme ukikatika nazo hufunga, na umeme wetu unaujua, kwa hiyo nikadai betri. Chumba cha kukaushia mashuka nikakipa ile ya kawaida, ya fizible, inayofunga kwa joto. Neema aliandika kila neno, na mimi nilikuwa nimevimba kichwa, sikufichi.

Kisha akaniomba nikague na jengo la zamani, kwa sababu mashine moja ya hewa italisha yote mawili. Nilikwenda kwa maringo. Klape ya kule uliiweka wewe, nikiwa bado navaa sare ya shule, na wafanyakazi mpaka leo wanaiita klape ya Papa Byamungu. Nikapanda ngazi, nikafungua kile kidirisha ulichokata ubavuni mwa bomba, nikamulika tochi.

Fizible unaijua: vipande viwili vya shaba, vidogo kama kucha, vimeshikanishwa kwa lehemu laini mno. Joto likipanda, kabla hata maji ya chai hayajachemka, lehemu inayeyuka, vipande vinaachana, na springi inafunga kilango. Ya kwako ilikuwa imeungwa kwa lehemu yetu. Lehemu ya ndoo, Papa.

Niliutambua mkono wako palepale. Ule mkia bapa unaobaki baada ya kupangusa na kitambaa, nani mwingine anauacha vile? Nikaikumbuka siku yenyewe. Klape ilifika na lori kutoka Bujumbura, fizible imevunjika njiani. Ulipasha chuma, ukaunga, ukanipa nivute. "Angalia vile iko inashika! Hata ngombe ya Rurambo haiwezi kuitoa." Nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikacheka, nikajiambia hakuna fundi kama baba yangu. Maisha yako yote ulitengeneza vitu visiachie. Hiki kimoja kazi yake ilikuwa kuachia.

Miaka yote hiyo akina mama wamelala upande wa pili wa ukuta ule na watoto wao wachanga, na moto ungekuja kilango kikiwa wazi.

Nilikuwa na fizible mpya mfukoni. Ningebadilisha, nishuke, na asingejua mtu. Nilikaa juu ya ile ngazi mpaka miguu ikafa ganzi. Nililia. Nilikukasirikia. Lakini uliunga ngapi nyingine? Na mafundi uliowafundisha, nao waliunga ngapi wakidhani wanafanya vizuri? Nikinyamaza, zote zinabaki mahali pake.

Basi asubuhi, kazi kabla haijaanza, niliwasha babula la makaa katikati ya shantye, mbele ya mafundi wote, nikatumbukiza fizible mbili kwenye sufuria ya maji, ya kwako na mpya. Ile mpya iliachana maji yakiwa hayajatoa hata povu. Ya kwako ilichemka kama hindi, nikaitoa na koleo, nzima. Nikasema, "Hii ni kazi ya baba yangu. Alikosea, na minye nilikuwa pale nashangilia." Mafundi wawili wa rika lako wakainua mikono, kila mmoja akataja mahali alipounga vilevile. Tumeshazibadilisha zote.

Habari ilinitangulia nyumbani. Nilimkuta Mama kwenye kiti chako, mikono mapajani. "Weye uliwaambia bantu kama baba yako alikosea?" Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Na ile kidirisha, uliwaambia iko ya nani?"

Sikuwa nimewaambia, Papa. Nisamehe.

Kesho yake niliwakusanya tena. Nikawaeleza jinsi wajenzi walivyotaka kupitisha plasta juu ya bomba na kidirisha chako ili ukuta upendeze, na wewe ukaweka nyundo chini ukagoma hadi saa ya chakula: "Minye siwezi kufunga kitu yenye siwezi kuangalia tena." Bila ugomvi ule nisingeona kitu. Neema alichukua penseli, akachora kidirisha pembeni ya kila klape kwenye ramani, hata zile za mota.

Siku ya majaribio Mama alikuja na kitenge chake cha Jumapili. Nilichomoa fizible mpya ya jengo lako, kilango kikajifunga, pa! Alishtuka, akashika kifua, halafu akaomba nirudie. Nilirudia mara tatu.

Fizible yako nimeitundika kwenye msumari karibu na chuma chako cha kulehemu. Kila atakayekuja kujifunza kwangu ataichemsha kwanza, na nitamwambia habari zako zote, lehemu na kidirisha. Na kila mwaka, kabla ya mvua, nitapanda ile ngazi nikachungulie.

Pumzika, Papa. Siku nitakayokosea mimi, nimeshaacha mahali pa kufungulia.

Binti yako,
Riziki